Je, Mwalimu Wetu Aende Kutafuta Udaktari?

Kuna swali ambalo tumeulizwa mara nyingi siku hizi, na walimu wa Masisi na wa Walikale ndio wanaotuuliza zaidi. Mtu aliyekwisha kupata lisansi, naye anafundisha katika shule yetu ya sekondari, tena ana mke na watoto, je, yafaa aendelee na masomo mpaka udaktari? Na kama yafaa, atajuaje kwamba chuo anachokiendea ni chuo chenye kutambuliwa?

Wengine husikia swali hili wakacheka. Husema: Watu wamelala chini ya mahema, nanyi mwaongea habari za udaktari! Ni kweli, nchi yetu imeteswa. Januari 2025 Masisi-centre ilitekwa na M23, na kabla ya mwezi huo kwisha Goma nayo ikatekwa. Machi 2025 vita vikafika Walikale-centre. Lakini hao wanaocheka na watazame jinsi watu wanavyokimbia. Mwenye kukimbia huacha shamba la maharage, huacha ng'ombe, huacha mlango wazi. Kitu asichokiacha, baada ya watoto wake, ni ile bahasha iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki: kadi ya ubatizo, kadi ya uchaguzi, Diploma ya Serikali. Hata mama asiyejua kusoma aijua bahasha hiyo, naye huificha kifuani. Basi swali la vyeti si swali la watu wenye raha. Kwetu sisi cheti ni mali ambayo haikuchomwa pamoja na nyumba.

Tuanze na jina lenyewe. Neno "daktari" kwetu ni mtu wa sindano na dawa. Lakini katika Kilatini "doctor" maana yake ni mwalimu, kwa kuwa latoka katika "docere", yaani kufundisha. Vyuo vikuu vilipoanza huko Ulaya, katika karne ya 12 na ya 13, mtu aliyemaliza hakupewa sifa ya kutundika ukutani. Alipewa ruhusa, ruhusa ya kufundisha wengine. Huko Paris mwenye kuitoa alikuwa kansela wa kanisa kuu la Notre-Dame. Na mwaka 1233 Papa Gregori IX alikijalia chuo cha Toulouse haki hii: mwalimu aliyekubaliwa pale aweze kufundisha mahali popote bila kutahiniwa upya. Hapo ndipo tuonapo mwanzo wa jambo tunaloliita leo kutambuliwa kwa chuo. Si uzushi wa maofisa wa Kinshasa, kama wengine wanavyodhani.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino mwenyewe alipitia njia hiyo. Mwaka 1256 aliitwa kuwa mwalimu wa teolojia Paris, naye alikuwa na umri wa miaka kama 31 tu, ambapo sheria ya chuo ilidai 35. Ikabidi apewe ruhusa ya pekee. Tena walimu wa Paris walikuwa wakigombana na watawa wakati ule, wakachelewa kumpokea katika chama chao mpaka mwaka uliofuata. Kumbe hata yeye aliyekuja kuitwa Daktari wa Kanisa alikaa akingoja muhuri!

Sasa, cheti ni nini mbele ya dhamiri? Sisi twasema: cheti ni ushahidi. Chuo kinasimama mbele ya watu na kutamka kwamba fulani amesoma jambo fulani, amepimwa, ameonekana analijua. Mgonjwa aliye mbele ya mwuguzi hawezi kumpima mwuguzi. Mzazi wa Nyabiondo hawezi kumtahini mwalimu wa hesabu. Wote wawili wanategemea neno la shahidi asiyeonekana. Kwa hiyo kuuliza kama chuo kinatambuliwa ni kuuliza shahidi huyu ni nani, na kama akiitwa mbele ya baraza ataitika. Mwenye kununua cheti amevunja amri ya nane, na hilo kila mtu alijua. Lakini yeye anayechukua cheti cha chuo ambacho hakuna anayekijua, huku akijua kwamba wenzake watadhani kimekubaliwa, amekaa jirani sana na dhambi hiyohiyo.

Sisi tuliopita seminari twalijua jambo hili kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi vijana walisoma falsafa na teolojia seminarini, wakajifunza Kilatini, wakafanya mitihani migumu, kisha wale walioona kwamba wito wao si upadre walirudi nyumbani bila karatasi ambayo ofisi ya Serikali ingeiheshimu. Elimu walikuwa nayo kichwani; shahidi hawakuwa naye. Ndiyo sababu seminari kubwa nyingi za Afrika zimeunganishwa na vyuo vikuu kama Urbaniana cha Roma, ili masomo yale yapate mtu wa kuyashuhudia.

Katika nchi yetu utaratibu uko hivi. Sheria ya elimu ya taifa ilitolewa tarehe 11 Februari 2014. Chuo cha binafsi hakiwi chuo kwa sababu kimepaka rangi ukuta na kuweka kibao barabarani. Chahitaji kibali cha Serikali, na diploma zake hupelekwa Kinshasa zithibitishwe. Aliyezoea mpango wa zamani alifanya miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi, kisha masomo ya kati, DEA au DES, kabla hajaruhusiwa kuanza udaktari. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 umeingizwa mpango wa LMD: miaka 3 ya lisansi, 2 ya masta, halafu udaktari. Wenye lisansi ya zamani na waulize mapema, tena wapate jibu la maandishi, watahesabiwa wapi katika ngazi mpya. Neno la mdomo la katibu wa chuo halitoshi.

Twamjua mzee mmoja wa milima ya Masisi. Aliuza ng'ombe mmoja kila mwaka kwa miaka mitano ili mwanawe asome katika chuo fulani kidogo, ambacho hatutakitaja. Asiyeishi Masisi hataielewa hesabu hii vizuri. Ng'ombe pale ni maziwa na jibini, ni mahari, ni benki, ni heshima ya mtu barazani. Kijana alisoma kweli, hakuwa mvivu. Siku alipopeleka diploma yake mahali pa kazi, waliitafuta ile diploma katika orodha ya zilizothibitishwa, haikuwamo. Alipouliza chuoni aliambiwa angoje. Akangoja. Baadaye zizi likaporwa na watu wenye bunduki, lakini mzee husema kwamba ng'ombe wale watano hakuporwa na bunduki. Twalisema jambo hili kwa sababu wengine huhubiri kwamba elimu ni elimu tu, karatasi si kitu. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye ng'ombe hawakuwa wake.

Hata hivyo tusiache kuutazama upande wa pili, maana kuna upande wa pili wenye nguvu.

Mwaka 1974 Serikali ya Zaire iliondoa teolojia katika Chuo Kikuu cha Taifa. Kitivo kile kilikuwa kimeanza mwaka 1957 katika Lovanium. Je, siku ile walimu wake walisahau walichokuwa wanakijua? Hawakusahau. Kitivo kiliendelea Kinshasa kwa kutambuliwa na Baba Mtakatifu, kikatoa madaktari, na leo kimo ndani ya Université Catholique du Congo. Muhuri mmoja uliondolewa, mwingine ulibaki, na elimu haikutegemea hata mmoja wa hiyo miwili ili iwe kweli.

Mfano wa pili watoka Walikale kwenyewe, nao watupendeza kuliko wote. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, nchi ya Banyanga, mzee Candi Rureke aliusimulia utenzi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza, huku watu wakimwitikia. Aliyeandika alikuwa profesa Mbelgiji, Daniel Biebuyck, naye alisaidiwa na kijana Mnyanga, Kahombo Mateene. Mwaka 1969 kitabu kilitoka Marekani kwa Kiingereza, na maneno ya Kinyanga yenyewe yakawekwa ndani yake, na tangu hapo kinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Nani alikuwa daktari pale Bese? Kama daktari ni mwalimu, alikuwa Rureke. Hakuna ofisi iliyompa kibali. Kibali chake kilikuwa wale watu waliokaa siku 12 wakimsikiliza, ambao angekosea wangemkatiza.

Lakini tazameni pia hili. Bila wale wawili wenye kuandika, ushahidi wa Rureke ungeishia pale ambapo sauti yake iliishia. Majirani wa Bese walimjua. Watu wa mbali wasingemjua. Na Mateene yule aliendelea na masomo, akawa mtaalamu wa lugha, akaandika sarufi ya Kinyanga na ya Kihunde, akaongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Hakuzeeka akifundisha darasa la kwanza Walikale, na kuna watu ambao wangemlaumu kwa hilo. Sisi hatumlaumu. Lugha za nyumbani alikwenda nazo, akazirudisha zikiwa zimeandikwa. Hata Padre Vincent Mulago, mzaliwa wa Birava karibu na Bukavu, alipopata udaktari wa teolojia Roma mwaka 1955, kazi aliyoiandika ilihusu umoja wa uhai kwa Bashi, Wanyarwanda na Warundi. Alikwenda mbali ili kuuliza juu ya nyumbani kwao.

Hivyo kutambuliwa hakuumbi elimu. Kwaifanya isikike mbali. Na mtu anayefikiri juu ya udaktari hana budi ajiulize kwanza: ni nani huko mbali anayengoja kusikia, au ni nani hapa anayehitaji neno langu lisikike huko? Kama hayupo hata mmoja, basi kitakachopatikana ni jina la kuitwa kwenye arusi.

Wanaohitaji wapo, wala tusijidanganye kwamba hawapo. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Wakongo wote waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30, na nchi nzima ililipa gharama ya uhaba huo. Hata leo vyuo vingi vya mashariki hutegemea profesa mgeni atokaye Kinshasa au Kisangani: huja, hufundisha kwa siku chache somo lililopaswa kuenea miezi, hutahini, huondoka. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, hata ugeni huo ukawa mgumu. Mtu wa kwetu akipata udaktari na kukaa, si anasa; ni kama kuchimba kisima mahali ambapo watu walikuwa wakinunua maji kwa dumu.

Basi tuje kwa mwalimu mmoja, ambaye kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu. Anafundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ndani ya msitu wa Walikale, upande wa mto Lowa. Ana lisansi halali. Chuo kikuu cha Serikali, mbali na hapa, kimekubali kumpokea aendelee. Chuo kingine kidogo, kilicho karibu na chenye bei nafuu, kimemwahidi kumfikisha kwenye udaktari upesi, bila hata kuacha kazi. Hicho cha pili hakikuweza kumwonyesha kibali cha kutoa udaktari, nasi tulimwambia wazi kwamba aachane nacho. Hapo hapakuwa na ugumu.

Ugumu upo kwingine. Shule anayofundisha bado inatafuta kutambuliwa kwake yenyewe. Jengo ni la mbao, wazazi ndio waliolijenga. Wanafunzi wa darasa la mwisho wanapofanya mtihani wa Serikali huandikwa chini ya jina la shule nyingine, kama mtoto anayeandikwa katika kitabu cha ubatizo kwa jina la jirani. Walimu wengi hawamo katika orodha ya mishahara ya Serikali. Masomo ya msingi yalifanywa ya bure mwaka 2019, lakini ya sekondari sivyo, na wazazi hulipa kwa mihogo, kwa mawese, kwa senti chache za machimbo. Mkaguzi anapokuja hutazama madarasa, hutazama vitabu, na zaidi hutazama walimu na vyeti vyao. Katika shule hii mwenye lisansi ya hesabu ni mmoja tu. Akiondoka mwaka huu, faili la shule linarudi chini ya rundo.

Mwaona jinsi mambo mawili yanavyogongana: kutambuliwa kwa mtu mmoja na kutambuliwa kwa watoto mia kadhaa. Na yote mawili ni mema. Kuchagua kati ya jema na baya twafundishwa tangu katekisimu. Kuchagua kati ya mema mawili, pale ndipo busara hutoka jasho.

Mtakatifu Tomaso, katika Summa Theologiae, ameandika juu ya fadhila ya kupenda masomo na juu ya kasoro iliyo kinyume chake. Hasemi kwamba kutaka kujua ni vibaya. Kujua kweli ni kwema daima. Asema kwamba hamu hiyo yaweza kupotoka, na upotovu wa kwanza anaoutaja katika mpango wake ni huu: mtu kuvutwa na somo lisilo na faida kubwa akaacha kazi ambayo ni wajibu wake. Maneno hayo yamemchoma mwalimu wetu, kama yeye mwenyewe alivyotuambia. Lakini sisi tulimwomba asiyameze haraka. Somo analoliendea si lisilo na faida. Tena, je, ule ni wajibu wake kwa kiasi gani? Kamati ya wazazi ilimwambia kwamba yeye ni mali ya shule. Hapo walikosea. Mwalimu si ng'ombe wa kamati. Mtu ambaye jamii imeshindwa kumlipa mshahara wa haki miezi mingi, jamii hiyo haiwezi kumfunga kwa kamba ya haki. Yaweza tu kumwomba kwa jina la upendo. Na upendo haudaiwi kwa kupiga meza.

Mke wake naye ana neno. Yeye hulima, hubeba, huuza ndizi, na miaka ya masomo ya mumewe itakuwa miaka ya mgongo wake. Twashangaa kwamba katika mazungumzo yote ya kamati hakuna aliyemwita. Tulipomwuliza alisema hapingi udaktari. Alitaka kujua tu ni miaka mingapi kwa hesabu ya kweli, si kwa hesabu ya wanaume, na kama barabara ikifungwa yeye na watoto watakuwa upande upi wa barabara. Hatujasikia swali la busara kuliko hilo katika jambo hili lote.

Maoni yetu ni haya, na asiyekubaliana nayo atuandikie. Udaktari autafute, kwa kuwa nchi yahitaji na Mungu amempa akili ya kufaa. Lakini faili la shule litangulie. Ushahidi wa shule ni wa wengi, na hauna mtu mwingine wa kuusimamia. Ushahidi wake yeye ni wa mmoja, na waweza kungoja mwaka mmoja au miwili bila kuoza. Kungoja huko kuwe na tarehe. Asiambiwe "baadaye", maana neno hilo limewazika walimu wengi wazuri. Kamati ikubali kwa maandishi siku ya kumwachia, ofisi ya uratibu wa shule za Kikatoliki ijue, na ndani ya muda huo atafutwe wa kushika nafasi yake. Shule zetu ziko chini ya mkataba wa Kanisa na Serikali wa mwaka 1977; basi jambo hili si la kijiji peke yake, ni la jimbo pia, na jimbo lisikae kimya kana kwamba halihusiki.

Tena gharama zisitoke katika michango ya shule. Tumesikia likipendekezwa, eti atawalipa akirudi. Fedha za chaki za watoto haziwezi kukopeshwa kwa mtu, hata awe mwema namna gani.

Kuna vijana wawili waliosoma katika shule hiyohiyo ambao sasa wako katika chuo cha ualimu. Mmoja amechagua hesabu, na amebakiza mwaka mmoja. Mwalimu amemwandikia. Kwa chuo kikuu naye ameandika, akiomba nafasi yake ihifadhiwe mpaka mwaka ujao wa masomo. Yule kijana amejibu kwamba atakuja, mradi apewe nyumba isiyovuja. Wazazi wameanza kukata mbao. Chuo kikuu bado hakijajibu.